Kitufe Kilichokaa Pasipo Pake

Mwenye gari alitaka swichi ikae chini ya dashibodi, karibu na redio. Fundi alitaka ikae juu ya kijiti cha gia. Walibishana asubuhi nzima katika garaji moja ya Makiso, mjini Kisangani, na mwisho akashinda mwenye pesa. Kisa hiki ni cha kufunzia. Mwenye gari simpi jina, wala fundi, wala shofa, kwa kuwa watu kama hao wapo katika kila mji wenye magari makuukuu na mito ya kuvuka.

Gari lilikuwa Toyota Hilux, pikapu ya gia za mkono yenye usukani wa kulia, mojawapo ya zile zinazotoka Japani, zikashushwa Mombasa, zikapita Kampala na kuingia Kongo kwa upande wa mashariki. Breki yake ya mkono ilikuwa imekufa. Kebo ilishika kutu ndani ya ganda lake, na lainingi za ngoma za nyuma zilikuwa zimelika kwa tope na mchanga wa barabara za jimbo la Tshopo. Ukiuvuta mpini, unakuja wote mkononi na gurudumu halina habari.

Sehemu kubwa ya Kisangani ni tambarare, na mji tambarare huficha ubovu wa namna hii. Shofa alikuwa akiegesha, anaacha gari ndani ya gia namba moja, anashuka, basi. Mtoni ndiko mambo yalikobadilika. Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na komuni inayoitwa Kisangani ziko ukingo wa kulia wa mto Kongo. Lubunga peke yake iko ukingo wa kushoto, na anayekwenda Opala au Ubundu kwa gari ni lazima apitie huko. Ukishuka kivukoni unakutana na mwinuko wa udongo. Mji uko karibu sana na ikweta, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo udongo huo haukauki sawasawa. Umebeba mzigo, mbele yako lori linahangaika kupanda, nyuma yako kuna watu, mitumbwi, baiskeli za toleka zibebazo abiria, na maji. Mguu wa kushoto uko kwenye klachi, wa kulia uko kwenye breki. Ukitaka kuondoka, wa kulia uhame kwenda kwenye mafuta, na katika kuhama huko gari linarudi nyuma. Breki ya mkono iliwekwa kwa ajili ya nukta hiyo.

Mpwa wa mwenye gari, aliyekuwa akifanya biashara Dubai, akaleta kifaa kinachoitwa laini-loki. Ni vali ndogo ya umeme inayofungwa katika paipu ya mafuta ya breki yanayokwenda magurudumu ya mbele. Isipopata umeme hukaa wazi na mafuta hupita kama kawaida. Ukikanyaga breki kisha ukaipa umeme, njia ya kurudi hufungwa, na presha uliyoitia kwa mguu inanaswa mbele. Unainua mguu, magurudumu ya mbele bado yameshikwa. Unakata umeme, mafuta yanarudi, magurudumu yanaachiwa.

Kifaa hiki kilizaliwa kwenye mashindano ya Marekani, yale ya magari kukimbizana kwenye njia fupi iliyonyooka. Dereva hushika magurudumu ya mbele, akayazungusha ya nyuma palepale mpaka raba ipate moto na kunata. Kampuni ya Hurst ilikiuza kwa jina la Roll Control. Ford walipotoa Mustang GT ya mwaka 2015 waliiweka kazi hiyo katika kompyuta ya gari tangu kiwandani, nao wakaiwekea kikomo: baada ya sekunde 15 inaachia. Sekunde hizo ningeomba msomaji azikumbuke, maana mwenye gari wetu alitaka saa nzima.

Fundi alikuwa mtu mzima, kazi ameanza na magari ya wakati wa Zaire. Alikiangalia kifaa, akakipima kwa betri, akasikia koili ikigonga. Akasema, "Patroni, kitu ni kizima. Lakini kikae hapa," akashika kichwa cha kijiti cha gia, "na kiwe kitufe kinachorudi chenyewe kidole kikiondoka. Shofa wako anaendesha kwa usukani wa kulia, mkono wa gia ni wa kushoto. Kwenye mwinuko mkono huo uko hapa tayari. Anakanyaga klachi, anakanyaga breki, anabonyeza kwa kidole gumba, mguu wa kulia unaenda kwenye mafuta, anaachia klachi polepole. Akisikia gari limeanza kuvuta, anaachia kidole. Usukani hauuachi, macho hayatoki barabarani."

Mwenye gari akatikisa kichwa. "Papa, mimi sishindani mbio. Nataka kitu kitakachoshika gari shofa akishuka kulipa tiketi ya kivuko."

"Basi unataka breki ya mkono. Hiyo naweza kukutengenezea leo. Kebo, lainingi mbili za nyuma, na kazi ya mikono."

"Breki ya mkono imeshaharibika mara mbili. Hii ni mpya."

Nimeyaweka maneno hayo kama yalivyo kwa sababu kosa lote liko ndani yake. Mtu alikuwa na haja ya kitu kimoja akanunua kingine, kisha akataka mahali pa swichi pageuze kazi ya kifaa. Kitufe cha kidole hakifai kwa mtu anayeshuka, ni kweli. Fundi alikipendekeza kwa sababu hiyohiyo: ukishuka, kikuachie, ili usipate hata siku moja kuamini kwamba gari limeshikwa wakati limeegemea umeme na raba ndogo ndani ya vali.

Fundi aliendelea kueleza, na maelezo yake yanafaa kuhifadhiwa na yeyote mwenye kazi hii. Waya upande na kijiti cha gia ukiwa na nafasi ya kucheza, la sivyo utakatika kwa kupelekwa namba moja na rivasi kila siku. Kuwe na swichi ya pili kwenye dashibodi, ya kuruhusu tu, yenye taa nyekundu, ili kitufe cha gia kisifanye kazi gari likiwa safarini. Swichi hiyo iwe juu, machoni, mbali na magoti. Fyuzi ikae karibu na mahali umeme unapochukuliwa. Vali ifungwe mahali isipopigwa mawe wala kukaa juu ya joto la ekzosi. Paipu zikishafunguliwa hewa itolewe yote, kwa maana hewa ikibaki kwenye mafuta, kanyagio linazama na presha unayoinasa si presha.

Akaongeza jambo moja ambalo mwenye gari hakulisikiliza kabisa. Gari lenye mzigo, likitazama juu ya mlima, uzito wake hulalia nyuma. Magurudumu ya mbele huwa mepesi. Vali hii inashika ya mbele peke yake. Kwenye lami kavu utashukuru, kwenye tope magurudumu yaliyofungwa yanaweza kuteleza huku yamefungwa. Breki ya mkono ya Hilux inashika ya nyuma, palipolala mzigo.

Lakini mwenye gari ndiye mlipaji, na fundi alikuwa na watoto wa kusomesha. Akafunga swichi ya kupandisha na kushusha, ile inayobaki ulipoiacha, juu ya kibati kilichoning'inia chini ya dashibodi, usawa wa goti la shofa. Umeme akauchukua kwenye waya wa redio, kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

Kwa majuma kadhaa kila mtu alifurahi. Shofa alifika kwenye mwinuko wa Lubunga, akakanyaga, akapandisha swichi, akainua mguu, na gari likatulia. Boi-shofa, kijana msaidizi wa shofa, naye alipunguziwa kazi. Zamani alikaa nyuma juu ya mzigo na kabari ya mti mgumu miguuni. Gari likisimama kwenye mwinuko anaruka, anaisukuma nyuma ya gurudumu. Sasa alikaribishwa ndani, akae kiti cha abiria. Kabari ilibaki uani kwa mwenye gari, na siku moja ikaingia jikoni pamoja na kuni.

Dalili ilikuja mapema, ikapuuzwa. Njiani kuelekea Opala gari liliingia shimoni, goti la shofa likaipiga swichi ikapanda. Hakuona, maana taa hapakuwa. Kilomita chache mbele mbuzi akakatiza, shofa akakanyaga breki, mbuzi akapita, shofa akainua mguu, na magurudumu ya mbele yakabaki yameshikwa. Usukani ukawa mzito, gari likajivuta kuelekea mtaroni, harufu ya pedi zilizoungua ikajaa ndani. Alizima injini, akatoa ufunguo ili ashuke kutazama, na alipopapasa magurudumu yalikuwa yameachia. Akasema ni silinda ya gurudumu inang'ang'ania. Jioni hakumwambia mtu. Kwa mwendo wa barabara ile mambo yaliishia kwenye harufu. Kwenye mteremko wa daraja la mto Tshopo, mbele kukiwa na watu, yasingeishia hapo.

Jambo moja shofa alijifunza: ukitoa ufunguo, swichi inakufa. Akajipatia dawa yake. Akitaka gari lishikwe injini ikiwa imezimwa, anaacha ufunguo mahali pa redio. Redio ikiimba, breki imeshika. Hilo likawa kipimo chake.

Siku ya siku mvua ilinyesha tangu alfajiri. Hilux ilivuka na mifuko ya saruji, ikashuka kivukoni ikaanza kupanda. Mbele yake lori likakwama, magurudumu yakizunguka matopeni. Shofa akasimama, akakanyaga breki kwa nguvu, akapandisha swichi. Dizeli ni ghali, akazima injini, ufunguo ukabaki mahali pa redio, gia akaiweka huru. Kisha akashuka kusaidia kusukuma lori pamoja na wenzake, jambo ambalo kila mtu wa barabara zetu angelifanya, nami simlaumu kwa hilo.

Lori likajinasua. Shofa akageuka, akamwita kijana wake: "Washa, nakuja!"

"Ndiyo, Yaya!" Kijana akahamia nyuma ya usukani. Akakanyaga klachi kama alivyofundishwa, akazungusha ufunguo. Redio ikanyamaza.

Katika magari mengi, ufunguo ukifika mahali pa stata, umeme wa redio, wa feni na wa vitu vidogo hukatwa kwa muda ili nguvu yote ya betri iende kwenye stata. Vali ilikuwa kwenye waya huo. Ikafunguka, mafuta yakarudi, na gari lenye saruji, lililo gia huru, likaanza kwenda nyuma kabla injini haijashika. Kijana akatafuta breki. Injini ilikuwa haijawaka, hapakuwa na msaada wa busta inayoongezea mguu nguvu, kanyagio likawa gumu kama ubao. Mguu wake haukutosha. Akafungua mlango, akaruka, na mlango ukamkumba na kumwangusha chini ya ubavu wa gari. Gurudumu la mbele likampita juu ya mguu.

Waliokuwa chini walipiga kelele wakatawanyika. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chikwanga alivutwa mkono na jirani yake, beseni lake likabaki na kusagwa. Baiskeli ya toleka ilipindwa ikawa haina umbo. Gari liliingia mtoni kinyumenyume mpaka maji yakafika juu ya mbao za kando, likasimama kwa sababu lilikuta jiwe. Saruji ililowa yote, na saruji iliyolowa haina wa kuinunua. Kijana alipelekwa hospitali akiwa juu ya mlango wa mbao. Mguu ulivunjika mahali pawili.

Jioni ile ukingoni watu walisema kosa ni la kijana, kwamba hajui kuwasha gari. Nakataa. Kijana alifanya kila alichofundishwa, kwa utaratibu aliofundishwa, ndani ya gari ambalo wakubwa wake walilibadilisha bila kumweleza. Mwenye deni la kwanza ni mwenye gari, aliyeambiwa bei ya kebo na lainingi akachagua kibati chenye swichi. Wa pili, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nawaheshimu mafundi wetu, ni fundi. Alijua. Alieleza vizuri kuliko kitabu, kisha akafunga alichojua kuwa ni kibaya, akauchukua umeme pabaya zaidi. Mteja anaponunua kazi yako hanunui ruhusa ya kuwavunja watu wengine miguu.

Gari lilipovutwa hadi garajini, fundi alichukua taa ya kupimia akaigusisha kwenye waya wa vali. Ufunguo mahali pa redio, taa ikawaka. Ufunguo kwenye stata, taa ikazima. Alirudia mbele ya mwenye gari mpaka yule akaomba aache. Kisha mwenye gari akauliza swali ambalo wengi wangeuliza: je, tungeiunga moja kwa moja na betri, isingeshika?

Ingeshika kwa muda. Halafu koili, iliyotengenezwa kwa kazi ya sekunde, ingechemka kwa kukaa na umeme saa nzima. Betri ingepungua. Mafuta ya breki yaliyopata joto safarini yangepoa, presha iliyonaswa ikashuka bila mtu kusikia. Raba ya vali ikivuja tone moja tu, mshiko unaisha. Na tope la ukingo lingebaki tope, magurudumu ya mbele yakibaki mepesi.

Wahandisi waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1936 Studebaker, kampuni ya Marekani, ilianza kuuza magari yenye kizuizi cha mlimani kilichounganishwa na klachi: ukiwa umekanyaga klachi, presha ya breki inabaki, ukiiachia klachi ili uondoke, breki nayo inaachia. Subaru waliendelea na wazo hilo miaka mingi katika magari yao ya gia za mkono. Magari mengi ya siku hizi yana kompyuta inayoshika breki kwenye mwinuko kwa muda wa sekunde mbili hivi, mguu uhame, kisha inaachia upende usipende. Wote hao walikifunga kifaa kwenye mwili wa dereva au kwenye saa, wasimpe nafasi ya kukitegemea akiwa nje. Nayo sheria iko wazi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Kongo ilijiunga nao ilipokuwa ikiitwa Zaire, unataka breki ya kuegeshea ibaki imeshika kwa chombo cha kimakanika tupu. Kebo na meno ya chuma hayahitaji betri, wala hayajui ufunguo uko wapi.

Hilux ile ilirudi barabarani. Kebo mpya, lainingi mpya, ngoma zimesafishwa. Fundi aliijaribu mwenyewe: aliipakia mzigo, akaipeleka kwenye mwinuko mdogo, akaweka kabari hatua moja nyuma ya gurudumu kwa tahadhari, akavuta mpini, akaacha gia huru, akainua miguu yote miwili. Ilisimama. Baada ya hapo ndipo alipoifunga tena laini-loki, kitufe kikiwa juu ya kijiti cha gia, umeme ukitoka kwenye waya wake wenyewe wenye fyuzi, swichi ya kuruhusu ikiwa juu ya dashibodi na taa yake nyekundu. Shofa anaitumia kwa kuondoka tu. Kabari mpya imechongwa, na kazi ya kuiweka ni ya shofa mwenyewe mpaka kijana atakapotembea vizuri.

Enyi mafundi wa Makiso, wa Mangobo, wa Bunia, wa Kampala na wa Mwanza: mtu akikuletea kifaa hiki, kabla hujagusa paipu hata moja, panda ndani ya gari lake uvute breki ya mkono. Isiposhika, mrudishie kifaa chake mkononi na umwandikie bei ya kebo.